Mkono wa Nyuma ya Pazia

Shida yangu ilianza mwaka wa sabini na nne, nina miaka tisa, baba kafariki na mimi natolewa skuli kwenda kuchambua karafuu za watu. Kusoma nikaishia hapo, kamera nikajifundisha mwenyewe, na aibu ya kijijini Wambaa naisimulia kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa waliokuwepo, maana wao wanaongeza.

Kijana mmoja, Hamad, alirudi kutoka Maskati kuja kuoa. Mchumba alichaguliwa na shangazi yake, yeye hajamwona hata kivuli, akaniomba picha ya mkono tu, wenye piko, yale maua meusi ya biharusi, na pete ya uchumba, kwa karibu kabisa. Binti yangu Time, ambaye ndiye hupiga picha upande wa wanawake, akasema, "Baba niachie, mie naingia ndani." Nikamjibu picha ya karibu si kazi ya watoto. (Time ana watoto wake wanaokwenda skuli.)

Nikakaa ukumbini kwa kina biharusi, pazia limeteremshwa, nikaomba mkono utolewe. Lenzi niliigeuza kinyumenyume, mbele ikawa nyuma, maana ukiifunga hivyo kitu kidogo kinakuwa kikubwa mno. Kamera juu ya stendi, taa ya duara pembeni, pumzi nimeibana, kwani kwa karibu vile ukisogea kiasi cha punje ya mchele picha imeharibika. Ndani wanawake wanacheka, nikajua wanasifu ufundi. Mkono ukatoka, nikapiga. Makunyanzi niliyaona (macho ninayo), nikasema lenzi yangu kali, inaonesha hata asichokuwa nacho mtu.

Ningempa Hamad kimyakimya yangeisha. Lakini nilitaka kuonekana, basi nikaichapisha kubwa kama mlango wa kabati, nikaitia fremu, nikaifunua siku ya nikaha, barazani kwa baba wa biharusi, wanaume wamejaa na shehe keshakaa.

Babu yake Hamad akavaa miwani, akaukagua ule mkono toka kucha mpaka kifundo, mishipa imesimama, kovu la kisu cha muhogo, pete imekwama kwenye kidole cha mwisho.

"Hamadi," akauliza, "nkono huu wa nkeo au wa bibi yako?"

Hamad akasimama, akasema kama kabadilishiwa mke yeye anarudi zake Maskati. Baba wa biharusi akanitazama mimi, si yeye.

Ikabidi waulizwe wa ndani. Aliyejibu ni Bi Raya, somo wa biharusi, mtu mzima aliyemfunda, na sauti yake ilipita pazia kama hakuna pazia.

"Mwari hampi nkono mwanamme wa nje aushike na taa yake. Mlitaka nkono wenye piko, nikatoa wangu. Sasa nani kawapa ruhusa wanaume wa Wambaa kunikagua makunyanzi?"

Shangazi yake Hamad akaingia ndani, akamshika binti mikono yote miwili, akatoka akaapa mbele ya shehe kuwa ndiye yule yule aliyemposa. Hamad akakaa, ndoa ikafungwa, na mimi nikatoka kwa uani na fremu yangu nimeifunika koti, pilau sikuionja.

Sirudii. Leo nina nyumba ya matofali Gando, shamba la mikarafuu, studio Wete, kamera mbili na vespa inayowaka. Harusi zote ni za Time. Mimi kwa karibu napiga karafuu, hazina wakwe.