Mama na Fito Zake Darasani

Nikisikia harufu ya udongo uliokandwa kwa maji, namwona Mama akiupiga ukutani kwa viganja. Baba alikuwa amefariki tulipohamia Kibati kutoka milima ya Masisi. Mama alisimamisha nguzo mwenyewe, akafunga fito moja moja, akakandika. Mimi nikichota maji na kulalamika.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana mtanashati wa Himbi, mtaa wa wenye nazo mjini, aliandika ubaoni neno wattle. Akaeleza: fito zilizosukwa ili zikandikwe udongo.

“Nyumba ya watu wasiojua kujenga,” akaongeza, na darasa likacheka. Nami nilicheka, nakiri kwenu, kisha nikajichukia. Nikasimama.

“Monsieur, ni uongo! Umeshasuka hata ukuta mmoja?”

Nikatolewa nje. Nisirudi bila mzazi.

Mama alinisikiliza huku akimenya viazi, asinigombeze. Kesho yake alivaa kitenge cha kanisani, akajitwika mzigo wa fito, tukashuka mjini. Aliutua mbele ya ubao.

“Bonjour, mwalimu. Mutoto anasema ulisema nyumba yangu ni ya watu hawajui kujenga. Basi, unionyeshe.”

Mwalimu, nimpe haki yake, alivua koti akajaribu kuzisuka. Ufito wa kwanza ukavunjika. Wa pili ukafyatuka, ukamchapa kidevuni. Darasa zima likalipuka. Akakimbilia kamusi yake ajiokoe, akasoma kwamba neno lilelile wattle ni pia ile nyama nyekundu inayoning'inia chini ya mdomo wa jogoo.

“Na lilitoka wapi, hilo neno?” Mama akauliza.

Akapekua. “Asili yake haijulikani vizuri, mama.”

“Kumbe! Wenyewe hawajue neno yao inatoka wapi. Miye najua ukuta yangu inatoka wapi.” Akainua mikono yake yenye sugu, darasa lote liione. “Mutoto wangu aingie?”

“Aingie, mama.”

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama siku Mama alipomshinda mwalimu. Kisha nikawa mzazi, nami nikaitwa shuleni, ndipo nikaelewa kwa nini asubuhi ile hakugusa chai, na kwa nini njia nzima kutoka Kibati aliubana mkono wangu hadi vidole vikauma. Hakuwa amewahi kukanyaga darasa maishani mwake. Mimi nilidhani ananishika nisiogope.