Ufagio Uuache Hapa

Siku niliyofagia mahame naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu Furaha, na usicheke, harusi yangu ilikuwa nzuri. Asubuhi hii nimeketi mara tatu na mara tatu nimesimama, kwa sababu nimeuona ufagio ulioufunga juu ya mzigo wako. Kesho unapanda pikipiki kwenda Djugu, kuona nyumba tuliyoikimbia. Unataka kuisafisha. Kwanza nisikilize.

Nilikuwa kijana wa umri wako nilipopata kibarua katika hifadhi moja upande wa Mambasa, kwenye bonde la mto. Ndani ya bonde lile kuna mahame, vijiji vilivyoachwa miaka mia kadhaa iliyopita, na hakuna anayejua wenyewe walihama kwa nini. Huoni kuta. Unaona mafiga matatumatatu chini ya miti, mawe ya kusagia, na nyungu za udongo zilizozama nusu ardhini. Mlinzi wetu alikuwa muzee Ngabu, mtu mkimya, aliyetembea mle polepole kana kwamba ndani kuna watu wamelala.

Tukaambiwa wageni wanakuja, wasomi wa mambo ya kale. Mimi nilitumwa kusafisha njia tu. Lakini nilikuwa na kiherehere, nilitaka waniandike kazi ya kudumu, na kwetu mgeni hapokelewi kwenye uwanja mchafu. Nikafagia kijiji kizima. Nyungu nikazifukua na kuzipanga mstari mmoja, midomo juu, kubwa hadi ndogo. Mafiga nikayarundika pembeni. Kisha nikasimama na ufagio wangu nikingoja kusifiwa.

Muzee Ngabu alipofika aliketi chini kwenye majani. Sikuwahi kumwona akiketi kazini.

"Weye, nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, muzee. Nilitaka fasi ikuwe propre, ikuwe safi."

"Hizi nyungu, midomo ilikuwa inaangalia wapi?"

Nikamwambia zilikuwa zimegeuzwa, midomo chini.

"Zote?"

Sikukumbuka. Nilijaribu, mwanangu, nikashindwa, maana nilishika kabla ya kutazama.

"Mwanamuke anageuza nyungu yake kama anawaza kurudia," alisema. "Kama anakimbia vita, anaiacha vile iko, na chakula ndani. Siye tulikuwa tunangoja wageni watuambie hawa batu walienda namna gani. Sasa hakuna mutu atajua tena."

Wageni walikuja, wakauliza swali lilelile. Kazi sikuipata. Hilo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba walionitangulia katika bonde lile walikuwa na neno la mwisho, na mimi nililifagia.

Sasa jua kwa nini situlii. Mama yako alikuwa na desturi ileile. Hata akienda sokoni na kuchelewa, hata gari likimpigia honi, sufuria yake aliigeuza ukutani kwanza. Tulimtania sana. Siku tuliyokimbia vita, maharagwe yalikuwa yanachemka jikoni. Tulipofika porini wingu la mvua likafunga, akasema anarudi kuchukua blanketi. Nilimwacha aende. Nalisema wazi, nilimwacha aende. Tangu hapo sijui kama alifika nyumbani. Matanga hatukuyakaa, kwa sababu siwezi kumlilia mtu ambaye labda yuko kambini ng'ambo ya ziwa, anatuulizia. Na miguu hii haiwezi tena pikipiki, la sivyo ningekwenda mwenyewe.

Basi ukifika, usiguse kitu. Simama mlangoni mwa jikoni, tazama mafiga. Sufuria ikiwa bado juu yake na maharagwe yamekaukia ndani, hakufika, nasi tutakaa matanga. Ikiwa imegeuzwa ukutani, alifika, akatoka kwa miguu yake akiwaza kurudi, na mimi nitamtafuta kambi hadi kambi, hata kwa fimbo. Ingia chumbani uangalie blanketi. Labda wezi wamebeba vyote. Najua, usinikumbushe.

Nyinyi vijana mnaorudi mna haraka ya kuanza upya, siku ya kwanza mnachoma kila kitu cha zamani. Nawaelewa, nami nilikuwa hivyo. Lakini nyumba iliyoachwa inasema habari za watu wake mara moja tu. Tazama, piga picha kwa simu yako, uliza majirani waliobaki, ndipo usafishe.

Mungu akutangulie katika kila barrière ya askari barabarani, mwanangu. Akupe moyo wa kusimama mlangoni bila kukimbia, na akurudishe hapa Shari ukiwa mzima. Ufagio uuache hapa, utauchukua safari ya pili. Kesho niletee jibu moja tu, sufuria ilikuwa wapi. Mimi nitakuwa nimeketi hapa kukungoja, kama nitaweza kuketi.