Kumbikumbi wa Chumbani kwa Mama

Kwa misimu miwili ya mvua nilikula nyumba ya mama yangu, kwa ugali, tena huku nikisifia. Nalisema mapema nisije nikaonekana najificha.

Nyumba yenyewe niliijenga mimi, kwetu Nyanungu. Ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tarime, na nilikuwa nimechoka kusikia mama bado analala kwenye nyumba ya nyasi. Tatizo lilikuwa kiwanja. Mahali pazuri palikuwa na kichuguu cha mama. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Mvua za kwanza zikishanyesha, yeye ndiye hukifunika blanketi na kukusanya kumbikumbi, na jirani akitaka huomba. Mama alikataa kisivunjwe. Nikakivunja, kwa sababu udongo wa kichuguu hutoa tofali imara na mimi nilikuwa na haraka. Fundi aliuliza kama tumchimbe malkia wa mchwa na kumwaga dawa kwenye msingi. Nikamjibu kwamba mchwa hali saruji. Na somo langu shuleni ni sayansi.

Mvua zilizofuata, asubuhi, kumbikumbi walitoka kwenye ufa wa sakafu chumbani kwa mama. Alinipigia simu akicheka, akiniita mura, yaani kijana, kama kawaida yake.

"Mura, wamerudi. Sasa hata nje sitoki."

Aliwakusanya kwa beseni, akawakaanga, akanitumia kopo zima kwa bodaboda. Kabla ya kula niliwakagua, maana ualimu haunitoki. Mabawa machache yaliyobaki yalikuwa na urefu sawa, mbele na nyuma, na kiuno kilikuwa kinene, kimenyooka. Sisimizi mwenye mabawa hayuko hivyo. Kiuno chake kimebanwa, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Hawa walikuwa mchwa kweli, nikajipa alama zote. Kwa nini kumbikumbi watoke chini ya kitanda cha mtu, sikujiuliza. Mwaka uliofuata lilikuja kopo kubwa zaidi, nikashukuru.

Likizo ya Juni nilikwenda kumfungia mama chandarua kipya. Niliweka msumari kwenye fremu ya dirisha, nikagonga mara moja, ukazama wote. Nikabonyeza pale kwa kidole gumba, na kidole kikaingia. Ndani hapakuwa na mbao. Palikuwa na udongo, matabaka membamba kama karatasi, na wadudu weupe wenye vichwa vya kahawia wakikimbilia gizani. Nilidondosha nyundo. Rangi niliyoipaka kwa mkono wangu ndiyo iliyokuwa imeshikilia lile dirisha.

Nilisogeza kabati. Nyuma yake njia ya udongo, nene kama penseli, ilitoka sakafuni ikapanda ukuta mpaka kwenye mbao za paa. Nikatoka nje. Mama alikuwa amerundika udongo na samadi ukutani ili maji ya mvua yasichimbe msingi, na juu yake akapanga kuni, daraja zuri la mchwa. Nilikuwa nimekaa juu ya kuni hizo mara nyingi, nikinywa uji.

Nilimpigia simu yule fundi wa mwanzo. Kesho yake alifika, akamwamkia mama, kisha akapanda ngazi na kuanza kugonga mbao za kenchi zinazobeba paa kwa mpini wa panga, moja baada ya nyingine.

"Sikiliza, mwalimu. Mbao nzima inajibu. Iliyoliwa inalia kama debe tupu."

Upande wa sebuleni zilijibu. Alipofika juu ya kitanda cha mama hakuna hata moja iliyojibu. Aliminya ya katikati kwa vidole, ikakatika, na udongo ukamwagika juu ya mto.

"Mama analala hapa?" aliuliza.

Niliona aibu, halafu nikaogopa, halafu nikaona aibu tena. Fundi aliendelea na yake: ule udongo uondolewe ukutani, kuni zikae mbali juu ya mawe, malkia achimbwe, mtaro wa dawa uzunguke msingi, mbao mpya zipakwe oili chafu, na kila mwezi mtu azunguke nyumba akitafuta njia za udongo. Nilikuwa nikiitikia tu. Macho yangu yalikuwa sakafuni, kwenye alama za miguu ya kitanda. Zilikuwa sehemu tatu tofauti.

"Mama, umekihamisha hiki kitanda?"

Akasema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba vumbi lilianza kumwangukia usoni mwaka jana. Alikuwa anakung'uta shuka kila asubuhi. Likizidi, anasogeza kitanda. Siku hizi hulala kichwa kikiwa upande wa mlangoni, ili pakianguka awahi kutoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ya kuingia humu ulisimama mbele ya watu ukasema umenijengea. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilishakukatalia kichuguu. Ningekwambia nini, mura, usione nakusuta?"

Fundi alishuka ngazi, akatoka nje bila kuambiwa. Nilimuuliza mama kama kuna jambo lingine ambalo amekuwa akinificha. Akavuta kigoda, akaniambia nikae, maana yapo mengi.