Ubao wa Macho wa Guleid

Mwaka wa 1981 Isiolo nzima ilijua mambo mawili kuhusu Guleid, fundi wa redio: kwamba hakuna redio iliyomshinda, na kwamba alimpenda Luul, bintiye Mzee Robow mfanyabiashara wa ngamia, hadi akawa anachomelea nyaya mahali pasipo na nyaya.

Siku moja alikata kofia ya bati ya transista kuukuu, akakuta ndani chembe ya silikoni, ndogo kuliko punje ya mtama. Jua lilipoipiga, mshale wa mita yake ukaruka. Akaikinga kwa kiganja, ukalala. Ilikuwa jicho! Guleid akaruka kuliko ule mshale. Akaanza kupanga chembe kama hizo kwa safu kwenye ubao, kila jicho na balbu yake, na kivuli kikipita juu, balbu zake zinazimika.

Mzee Robow alipoonyeshwa, akacheka. "Wewe hapana mifugo, kazi yako kupasua tumbo ya redio. Lakini sikia: hiyo kitu ikisoma chapa ya ngamia yangu, Luul ni wako."

Chuma cha chapa kilikuwa kipana kama sinia; ubao ukaona kona tu. Basi Guleid akawa kama mwendawazimu. Akaomba redio zilizokufa mpaka kijiji cha Gotu, akashindia chai ya rangi, na ubao ukakua ukawa sawa na mlango.

Siku ya siku wakauweka uani. Jua la Isiolo nalo halina mchezo: macho yaliona, ila mwanga wa balbu ukamezwa na jua. Guleid alitaka kulia. Luul ndiye aliyekimbilia blanketi. Balbu zikavutwa kando kwa waya mrefu, zikafunikwa pamoja na Mzee Robow, makalio nje.

Guleid akainua chuma juu ya macho ya ubao.

"Wallahi!" blanketi likapiga kelele. "Chapa yangu! Naiona!"

Furaha ikamlevya Guleid. Mzee yuko gizani, nani ataona? Akatua chuma, akaushika mkono wa Luul palepale juu ya ubao, mkono ambao kwa desturi yao hakupaswa kuugusa kabla ya nikaha. Wakasimama hivyo, wakicheka bila sauti.



"Guleid," sauti ya Mzee ikatoka polepole. "Mbona hapa naona mikono mbili?"

Wakaachana kama waliogusa kaa la moto.

"Aabo..." Luul alianza kumsihi babake.

"Nyamaza! Mtu aite sheikh leo leo, kabla hii mashine haijaona mengine."