Kisu Kwenye Barafu

Juzi fundi alikuwa akiyeyusha barafu iliyoziba friji langu la milango miwili. "Mama, usije ukaichokonoa kwa kisu," alinionya. Nikaitikia kwa upole, mimi mwenye shahada mbili, kana kwamba ndiyo kwanza nasikia.

Nyumbani kwetu Handeni tulikuwa na friji dogo, na Bibi alitoka Sindeni kuja kukaa nasi kwa ajili ya friji hilo, maana dawa yake ya sindano ya kisukari ilitaka ubaridi. Alasiri moja ya Ramadhani majirani walileta mabakuli kuomba barafu ya futari. Barafu iligoma kubanduka, nikachukua kisu cha vitunguu. Nikasikia mlio mrefu kama wa tairi linalotoa upepo, ikafuata harufu ya mafuta. Nilifurahi. Nilidhani baridi ndiyo inaongezeka.

Siku mbili baadaye fundi alisema kisu kimetoboa bomba la gesi, halitengenezeki. Ikabidi Bibi ahamie Korogwe kwa shangazi, mwenye friji zima. Mimi nilijua anaondoka kwa hasira, nikajificha nyuma ya friji bovu, kwenye vumbi na utando wa buibui.

"Mjukuu wangu, yaani huji hata kuniaga?"

"Mwache, mama," baba alisema. "Anaona aibu."

"Aibu ya nini? Si alikuwa anawatafutia watu futari!"

Nilimsikia vizuri kabisa, nikabaki palepale mpaka gari likaondoka. Tulipomfuata Korogwe, tulikwenda kuzika.