Nilivyoutafsiri Mgongo wa Baba Mdogo

Kwa miaka mingi nimekana jambo moja, na nimelikana kwa ufasaha, maana nilisomeshwa. Kila lilipoguswa nyumbani nilisema, "Mimi nilitafsiri kila neno." Mwanangu, sikutafsiri kila neno. Nakwambia leo kwa sababu ipo siku na wewe utamsindikiza mtu wako mbele ya madaktari, na pengine hapatakuwa na mtu wa kukuonya.

Siku yenyewe naikumbuka hadi viatu nilivyovaa. Vilikuwa vya visigino, na kutoka kwetu, nje kidogo ya Nduguti, hadi barabara ya basi ni mchanga mtupu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka ule, shahada ya sosholojia, na sikutaka mji wa Singida ukose kulijua hilo. Mbele yangu mkokoteni wa punda ulimbeba Baba Mdogo Mkumbo, mdogo wake baba yangu, amelazwa juu ya godoro, na mkewe, Mama Mdogo, akimshika bega kila gurudumu lilipozama.

Baba Mdogo alikuwa amesimamia mashine ya kukamua alizeti kiwandani kwa miaka mingi. Kisha uti wa mgongo ukaanza kuharibika, miguu ikafa ganzi taratibu, mpaka hakuweza kusimama bila magongo. Mwajiri aliandika barua ya kuthibitisha kazi yake. Michango yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii ilitosha. Ili apate pensheni ya ulemavu lilibaki jambo moja: jopo la madaktari liridhike kwamba hawezi tena kufanya kazi. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na shambani alibaki Mama Mdogo peke yake. Pensheni hiyo ndiyo tuliyoifuata mjini.

Tulipofika mlangoni mwa jopo, Baba Mdogo akaomba magongo yaachwe nje. Kwetu mtu mzima haendi mbele ya wakubwa na fimbo mkononi kama aliyekuja kugombana. Alikuwa amevaa koti lake la harusi. Tukamshika huku na huku, akaingia wima, uso umetulia, jasho likimchuruzika shingoni mahali ambapo wao hawakuona.

Ndani walikuwepo madaktari watatu. Aliyeuliza maswali alikuwa kijana wa rika langu, shati jeupe, mikono imekunjwa vizuri. Sitasema kwamba nilimwangalia. Nasema tu kwamba baada ya miaka yote hii bado nakumbuka mikono ya shati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za afya?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Mtu ametoka Nduguti juu ya godoro kuja kuthibitisha kwamba afya yake si nzuri. Kaulizwa, kajibu nzuri. Ndivyo tulivyolelewa. Salamu hujibiwa hivyo hata nyumba ikiwa inaungua.

Daktari akaendelea. Nyumbani anaweza kufanya nini mwenyewe? Kuoga? Kujisaidia? Kugeuka kitandani? Baba Mdogo alikijua Kiswahili vizuri, kiwandani hakutumia lugha nyingine. Lakini yalipofika mambo ya mwili wake akainamisha kichwa, akahamia Kinyiramba. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi kugeuka mpaka mkewe amgeuze. Kwamba ndiye anayemwogesha. Kwamba asubuhi nyingine mashuka hukutwa yamelowa, kwa kuwa hasikii tena haja inapomjia.

Daktari akanigeukia mimi. "Anasemaje?"

Nikatazama ile mikono ya shati. Nikasema, "Anasema ana maumivu kidogo, hasa asubuhi. Mengine anajitahidi."

Kalamu ikaandika. Baba Mdogo alinielewa, lakini aibu haikumruhusu kuyarudia kwa Kiswahili. Mama Mdogo, aliyezisikia lugha zote mbili, alinitazama mara moja, kisha akafunga upya khanga yake. Hakuona vema kumkosoa msomi mbele za watu.

Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa: anaweza kufanya kazi nyepesi. Baba Mdogo alinitaka niisome barua mara mbili. Kisha akauliza, bila hasira, "Kazi nyepesi ni ipi?" Baba yangu akawalaani madaktari, nami nikamsaidia kulaani.

Siku iliyofuata Mama Mdogo aliniita nyuma ya nyumba, alikokuwa akipiga alizeti kwa mti. Hakuacha kupiga.

"Ulimwonea aibu?"

"Hapana, Mama Mdogo. Nilikuwa namsitiri."

"Kumsitiri ni kazi yangu. Mimi ndiye ninayefua yale mashuka." Akapiga. "Mwenzio alijivua mwenyewe mbele ya wale watu, kwa taabu, ukaona alivyomeza mate. Wewe ukamvalisha nguo isiyo yake. Sasa yule kijana wako anadhani mume wangu ni mvivu."

"Si kijana wangu."

"Nilikuona ulivyokuwa unarekebisha kilemba."

Siku za kukata rufaa zilikuwa bado hazijaisha. Niliandika barua usomi wote ukiwa ndani: "Kulitokea upungufu katika tafsiri." Kana kwamba upungufu ulipanda basi wenyewe, ukaingia chumbani na kuketi.

Tuliporudi mjini, magongo yaliingia ndani na Baba Mdogo. Safari hii Mama Mdogo ndiye aliyeeleza, kwa Kiswahili chake cha shambani, bila kupunguza. Mkuu wa jopo, mama wa makamo, akafungua jalada na kuvua miwani. "Haya si majibu ya mwanzo. Tukubali yapi?"

Nikaelewa kwamba nikinyamaza, Baba Mdogo ataonekana amekwenda kufundishwa uongo. Nikasema, "Ya leo, daktari. Yale ya mwanzo ni yangu mimi. Niliona haya."

Niliyakiri hayo mbele ya wageni, kisha nikarudi nyumbani na kuendelea kuyakana kwa ndugu zangu. Mama Mdogo alijua, na hakunifichua. Huko ndiko kusitiri, mwanangu. Mimi nilikuwa sijakujua.

Kwa hiyo nisikilize. Ukimpeleka mtu wako akapimwe kama anaweza kazi, mwache aingie jinsi anavyoishi, na kama ni kwa kubebwa, abebwe. Salamu ijibuni kama kawaida, lakini ikishapita semeni kweli. Usisimulie ile siku moja aliyoketi nje akacheka na wajukuu; simulia asubuhi zake mbaya. Yule anayemwogesha aende, na aongee yeye, hata kama kidato chako ni cha juu kuliko chake. Mkikataliwa, ulizeni siku za rufaa ni ngapi kabla hamjaanza kulaani mtu. Na usimwache mgonjwa wako adhani anaomba sadaka. Alichangia kwa jasho lake akiwa mzima. Mungu akujalie ulimi usiomwonea haya mtu wako, na siku ukiwa wewe ndiye unayeelezwa, akupe msimulizi mwaminifu kuliko nilivyokuwa mimi.

Simu ilikuja wakati wa mavuno. Kwetu mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kando ya zizi la mbuzi, na Baba Mdogo alikuwa ameketishwa hapo kwenye kiti tangu asubuhi, koti lake la harusi mabegani. Nikapokea mimi.

"Naongea na ndugu wa mzee Mkumbo?" Ilikuwa sauti ya kike kutoka ofisi ya mfuko. "Habari za mzee?"

"Nzuri" ilinifika mdomoni. Nikaimeza.

"Ameamka vibaya. Usiku tumemgeuza mara tatu."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Poleni sana. Basi mwambie jopo limekubali. Pensheni yake imepita."

Nikamgeukia Baba Mdogo, nikamweleza kwa Kinyiramba, tangu salamu hadi mwisho, pamoja na ile habari ya kugeuzwa.

"Umesema kila neno?"

"Kila neno, Baba Mdogo."