Fainali ya Shemasi Durwood

Durwood Tisdale anauza matairi katika mji wetu mdogo, jimboni Alabama, na kwa karibu mwaka mzima huwezi kumkamata kwa uongo. Ukimpelekea gari ukiwa na wasiwasi, atainama, alipapase tairi, akuambie, "Hili bado zima, rudi nyumbani." Ni shemasi wa kanisa la Baptisti, hanywi, hachezi kamari. Natamani ningeishia hapo.

Lakini kila Agosti, kabla msimu wa mpira wa Kimarekani haujaanza, wanaume hukusanyika dukani kwake Jumamosi asubuhi kunywa kahawa. Naye hupanda juu ya rundo la matairi na kuitabiria timu ya Chuo cha Pickett, mechi kwa mechi. Utabiri ni uleule kila mwaka: tutashinda zote kumi na mbili, kisha tucheze fainali ya ligi Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Pickett haijawahi kuiona fainali hiyo ila kwenye televisheni. Kutangaza kwa uhakika jambo usilolijua ni kosa, hata likiwa la mpira, na nilishamwambia hivyo. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiye na dini.

Mwaka huu binti yake, Marlee, alichumbiwa na kijana anayefanya kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini. Likizo yake pekee inaangukia Jumamosi hiyohiyo ya Desemba, na harusi haina siku nyingine. Jumapili anarudi kazini. Na kwetu hakuna anayefunga ndoa siku ambayo timu inacheza. Hata mchungaji hatatokea.

"Lakini siku hiyo hatuchezi, baba," Marlee alisema mezani.

"Tuna fainali."

"Durwood," mkewe Earlene akaingilia, "mwaka jana tulishinda mechi tatu."

"Ndiyo maana mwaka huu vijana wana hasira, mama."

Marlee akaweka uma chini. "Baba, tabiri tu kwamba tutafungwa mechi mbili. Mbili tu! Fainali waende wengine, mimi niolewe. Ukipanda pale ukasema tunashinda zote, nitajua umechagua nini. Nitaingia kanisani na mjomba."

Durwood hakumaliza chakula chake.

Jumamosi ilipofika duka lilijaa. Marlee alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Panda, shemasi, utudanganye!" kinyozi Hoyt Bledsoe alipiga kelele. "Kahawa inapoa!"

Durwood akapanda. Mechi ya kwanza, tunashinda. Ya pili, tunashinda. Alivyoendelea, sauti yake ilizidi kushuka, na Marlee akazidi kuikunja midomo. Ya kumi na mbili ilipokwisha, nayo kwa ushindi, Marlee akatoa funguo za gari mfukoni, tayari kuondoka.

"Na fainali je?" Hoyt akauliza.

"Tunashinda. Ishirini na nne kwa kumi na saba. Itakuwa mechi kubwa kuliko zote katika historia ya chuo kile." Durwood akavua kofia. "Na mimi sitaiona. Hata redioni sitaisikiliza. Nitakuwa kanisani, nimemshika binti yangu mkono."

Kisha akalia, palepale juu ya matairi, mbele za watu.

Hoyt naye akavua kofia. "Pole sana, ndugu yangu." Akajikuna kichwa. "Ila, shemasi, mechi yenyewe si haitakuwepo?"

"Itakuwepo, Hoyt!"

Nimewaona watu wazima wakiwaahidi watoto wao mengi yasiyowagharimu hata kikombe cha kahawa. Huyu alitoa mechi ambayo ni yeye peke yake aliyeiona, na ilimuuma kama kung'olewa jino. Mwaka huu sikumkaripia.

Marlee alipita katikati ya wanaume, akamnyooshea mkono ashuke. Alijua vizuri, kama sisi sote, Pickett ni timu ya namna gani. Hata hivyo alimkumbatia kama mfiwa, akampigapiga mgongoni.

"Labda wataionyesha tena usiku, baba."

"Haitakuwa sawa," Durwood akasema, akipenga kamasi. "Nitakuwa nimeshajua tumeshinda."